UZI: Kituo cha hali ya hewa nyumbani kuingia mtandaoni BILA kompyuta, nilivyofunga kwa mama mlimani Wanale

mwana_wa_Wanale:
Wakuu habari za jioni. Nimekaa na hii kitu muda mrefu nikaona niiandike yote hapa maana nilipokuwa naitafuta kwa Kiswahili sikupata kitu, nikawa naokoteza huku na huku mpaka macho yanauma.

Mimi naishi Jinja kwa ajili ya kazi, mama yangu yuko nyumbani juu ya Mbale, mashariki mwa Uganda, upande wa Wanale, kama mita 1,700 hivi, ana kahawa na ndizi kidogo. Mjomba wangu yuko chini kabisa, nyumba yake iko karibu na mto Namatala. Sasa wale mnaokumbuka usiku wa tarehe 30 Julai 2022 kuamkia 31, Nabuyonga na Namatala zilivyovunja kingo Mbale, mnaelewa kwa nini watu wa kwetu mvua ya juu mlimani inatunyima usingizi. Mjomba siku ile alitoka na watoto na shuka moja. Tangu hapo nikawa na wazo moja tu kichwani, nataka nikiwa Jinja niangalie simu nijue kwa mama imenyesha milimita ngapi na inanyesha kwa kasi gani sasa hivi, sio kesho.

Nikanunua kituo cha kwanza. Muuzaji aliniambia "hii inajituma mtandaoni yenyewe". Kumbe ile skrini yake ni ya kuangaliwa tu ukutani, ina tundu la USB nyuma, na ili ifike mtandaoni lazima kompyuta iwe imewaka saa 24 na programu iwe inazunguka humo ndani. Nikapeleka laptopu yangu ya zamani kwa mama nikaiweka juu ya kabati. Wiki tatu. Umeme ukikatika usiku betri inakufa, umeme ukirudi laptopu hairudi yenyewe mpaka mtu abonyeze, mama akibonyeza inamuuliza maswali ya apdeti kwa Kiingereza, ananipigia simu mimi niko kazini, basi mambo ndiyo hayo. Nilipokuja kuangalia grafu ina mashimo kama neti iliyoliwa na panya, na mvua kubwa kuliko zote za mwezi ule ilianguka ndani ya shimo. Niliumia sana aisee.

Ndipo nikaanza kujiuliza, hivi ile kompyuta ilikuwa inafanya kazi gani hasa? Nikafuatilia nikakuta kazi yake ni ndogo mno. Vipimo vya nje vinarusha namba kwa redio, kipokeaji ndani kinazipokea, halafu mtu mmoja anatakiwa kuzifunga kwenye mstari mmoja na kuutuma kwa sava. Mstari wenyewe kwa Weather Underground (tovuti inayopokea vipimo vya vituo vya nyumbani) ni anwani ya kawaida kama unayoandika kwenye brauza, ndani yake kuna ID ya kituo, paswadi, saa ya UTC (saa ya kimataifa), joto, unyevu, mvua ya leo, upepo, basi. (Joto linaenda kwa Farenhaiti na mvua kwa inchi, lakini kifaa kinabadilisha chenyewe usihangaike.) Mstari mmoja wa maandishi kila dakika! Kwa hiyo chipu ndogo yenye waifai inaweza kabisa, huhitaji laptopu.

Nikauza ile ya kwanza kwa hasara nikanunua cha Ecowitt (ni chapa, nayo ina tovuti yake ya kutumia data), kasanduku ka kupokea na kutuma kanaitwa GW1100 pamoja na kile kipimo cha nje cha WS69 ambacho kina upepo, mvua, joto, unyevu na jua kwenye mwili mmoja, kina kipaneli cha sola juu na betri mbili za AA, kinarusha data kila sekunde 16. Kasanduku chenyewe ni kadogo kuliko kiganja, kanakula umeme wa USB kama simu. Sasa nitaeleza nilivyoseti kwa simu tu, hakuna kompyuta hata sekunde moja.

Unakachomeka kwenye umeme, unabonyeza kitufe chake sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa, hapo kanatoa waifai yake kenyewe, kwenye simu utaona jina linaloanzia na GW1100. Unaunga simu yako kwenye hiyo. HAPA NDIPO NILIPOPOTEZA SIKU NZIMA: simu ikiona hiyo waifai haina intaneti inaikimbia kimyakimya inarudi kwenye data ya laini, wewe unadhani umeunga kumbe hujaunga, ukurasa haufunguki. Zima data kabisa, na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti sema ndiyo. Halafu fungua brauza andika 192.168.4.1 na ukurasa wa kasanduku unafunguka hapo hapo. Unaingia sehemu ya mtandao, unachagua waifai ya nyumbani, unaandika paswadi yake, unasevu. Ukimaliza, kwenye sehemu ya huduma za hali ya hewa unajaza ID na funguo ulizopewa baada ya kufungua akaunti, nazo akaunti nilifungua kwa simu hiyohiyo nimekaa kwenye benchi la jikoni kwa mama.

Kwa mama hakuna ruta ya waya, niliweka MiFi, kile kiruta kidogo cha mkononi kinachotumia laini ya simu. Mambo mawili kuhusu MiFi. Moja, GW1100 inasikia waifai ya 2.4 GHz peke yake, MiFi yako ikiwa imewekwa 5 GHz kasanduku hakataiona hata ukiviweka meza moja. Pili, MiFi nyingi zinalala zenyewe zikiona hakuna mtu anayetumia kwa dakika kumi, na huyu mgeni wetu anatuma mstari mmoja mdogo kwa dakika kwa hiyo MiFi nyingine inamhesabu kama hayupo. Ingia ukurasa wa MiFi utafute sehemu ya kulala, weka "kamwe". Yangu ilikuwa inakufa kila usiku saa sita nikadhani mtandao wa kijijini ni mbaya.

Maswali karibuni, nitajibu ninayoyajua.

Kahawa256:
Asante sana mkuu, hii imenigusa, sisi Sironko ni walewale. Swali langu bando. Inakula kiasi gani kwa mwezi maana tangu Julai 2021 tunalipa ile kodi ya asilimia 12 juu ya data, kila MB ina uchungu wake.

mwana_wa_Wanale:
Kaka hesabu niliipiga hivi. Kila dakika mara moja ni mara 1,440 kwa siku. Mstari mmoja pamoja na vichwa vyake na jibu la sava nikaukadiria KB moja na kidogo, kwa siku inakuwa kama MB 2, kwa mwezi MB 60. Ukituma sehemu mbili, tuseme Ecowitt na Weather Underground, zidisha mara mbili. Ecowitt unaweza kuiambia itume kila dakika tano, hapo ni mara 288 tu kwa siku. Mimi nimeweka dakika moja kwa sababu mvua ya mlimani dakika tano ni nyingi. Kinachokula bando sio kituo, ni watu. Wajukuu wakijua paswadi ya MiFi watamaliza kila kitu kwa video, mimi niliifungia, kasanduku peke yake ndiko kanaruhusiwa kuunga.

fundi_sola_Jinja:
Naongeza upande wa umeme maana nimefunga hizi kadhaa. Watu wengi wanakimbilia powabenki na inawaangusha. Powabenki nyingi zikiona kifaa kinakula umeme mdogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima. Kasanduku peke yake hakafiki hata wati moja, basi powabenki inakatika baada ya nusu dakika na wewe unalaumu kasanduku.

Tumia betri ya 12V na kile kishushio cha volti cha kutoa 5V. Piga hesabu: kasanduku na MiFi pamoja tuseme wati 3. Usiku wa saa 12 ni wati-saa (Wh) 36. Betri ya 7Ah ya pikipiki au ya UPS kwa karatasi ni Wh 84 lakini ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu, inabaki 42. Kwa hiyo inavuka usiku mmoja na haibaki nguvu ya kujivunia. Kwa mlimani ambako ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na mvua za Septemba hadi Desemba zinafunika jua siku mbili tatu, weka betri ya 18Ah na paneli ya wati 50, utalala. Nimeona watu wanaweka paneli ya wati 10 wakidhani vifaa ni vidogo, mwezi wa Februari inafanya kazi vizuri, mwezi wa Novemba wananipigia simu.

mwana_wa_Wanale:
Fundi umesema kweli tupu, mimi nilianza na 7Ah na mwezi wa kumi ilinigomea alfajiri, saa ileile ninayotaka kuona. Sasa niko na 18.

dada_wa_Kabale:
Habari zenu. Mimi kaka yangu amenitumia kituo kutoka Marekani, kipimo cha nje kinawaka taa vizuri, kasanduku nilinunua huku, lakini hawasikilizani kabisa. Nimeviweka karibu karibu bado. Tatizo nini?

mwana_wa_Wanale:
Dada angalia kibandiko nyuma ya vyote viwili. Kipimo cha Marekani kitakuwa 915 MHz, na kasanduku cha huku pengine ni 868 au 433. Hiyo haibadilishwi kwa seti yoyote, ni redio yenyewe iliyochomelewa ndani. Mmoja anaongea chumba hiki mwingine anasikiliza chumba kile. Sisi tuko ukanda mmoja wa redio na Ulaya kwa hiyo agiza 868 au 433, na vyote viwili viwe sawa. Mwambie kaka akutumie kasanduku cha 915 au uuze kipimo, hakuna njia nyingine nzuri.

Na wengine msome hapa pia: hata masafa yakiwa sawa bado lugha inaweza kutofautiana. Ile seti yangu ya kwanza ya USB nilijaribu kuisikilizisha na GW1100, ikagoma, hivyo vipimo vya zamani vina mpangilio wao wa namba.

mzee_wa_ruta:
Kwa wenye hizo za zamani za USB msizitupe. Kuna kitu kinaitwa Meteobridge, ni programu unayoiweka ndani ya ruta ndogo, TP-Link MR3020 ile nyeupe ndogo ndiyo watu wengi waliitumia. Ruta ina tundu la USB, unachomeka waya wa skrini ya kituo hapo, na yenyewe inasoma na kutuma. Inakula 5V, haina feni, umeme ukirudi inawaka yenyewe. Leseni yake ni ya kulipia, ila unapewa muda wa kujaribu kwanza. Njia nyingine ni Raspberry Pi na programu ya weewx, hiyo weewx ni ya bure, lakini Pi ni kompyuta ndogo, kadi yake ya kumbukumbu haipendi umeme wa kukatika katika, nimezika kadi mbili. Kijijini mimi nachagua ruta.

Lakini mjue kuweka hiyo programu kwenye ruta mara ya kwanza kunahitaji kuazima kompyuta nusu saa. Baada ya hapo basi.

dada_wa_Kabale:
Asanteni, nimeelewa, ni 915 kweli. Swali la mwisho, kale kasanduku peke yake kananionyesha mgandamizo wa hewa hektopaskali 812 na kwenye simu utabiri unasema 1016. Kameharibika?

mwana_wa_Wanale:
Hapana dada ni kazima. Kabale iko juu, karibu mita 1,900, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa. Kwangu kwa mama kanasoma kama 830. Namba ya 1016 ni iliyorudishwa usawa wa bahari ili watu wa mahali tofauti walingane. Kasanduku kana sehemu mbili, ABS ni ile halisi na REL ni iliyorekebishwa, hiyo REL unaiweka wewe. Mimi nilichukua namba ya uwanja wa Entebbe, wanaitoa kila mara kwa ajili ya ndege, nikaweka REL yangu ilingane nayo saa ileile.

Nasisitiza SAA ILEILE. Kwetu huku ikweta mgandamizo unapanda na kushuka mara mbili kila siku kama mtu anapumua, juu kabisa ni saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kabisa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ni kama hektopaskali 3 au 4. Ukichukua namba ya asubuhi ukaweka jioni umeshakosea. Mimi nilipoiona hiyo grafu wiki ya kwanza, milima miwili kila siku bila kukosa, nilimwita mama aje aone. Akaiangalia muda mrefu akauliza, "Na hii inatokea hata siku tusipoangalia?" Nikamwambia ndiyo mama, tangu dunia iumbwe.

Kahawa256:
Mvua je, unaiaminije? Maana watu wataamua mambo makubwa kwa namba hiyo.

mwana_wa_Wanale:
Hili ndilo nililolihangaikia kuliko yote. Ndani ya kipimo cha mvua kuna kijiko cha pande mbili kinachobembea, kikijaa upande mmoja kinamwaga na kuhesabu moja. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo unaweza kukipima mwenyewe. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli. Tuseme ni sentimita 11, eneo lake ni kama sentimita za mraba 95, basi mililita 95 za maji zinatakiwa kusoma milimita 10.

Nilinunua sirinji ya mililita 10 duka la dawa, nikakaa chini ya mgomba natonesha tone kwa tone, karibu nusu saa, mama ananihesabia sirinji kwa punje za kahawa, kila sirinji punje moja kwenye ungo. Usimwage haraka, kijiko kikizidiwa maji yanapita bila kuhesabiwa. Yangu ikasoma 9.1 badala ya 10. Nikarudia, 9.1 tena. Kwenye kasanduku kuna sehemu ya kurekebisha mvua, nikaweka 1.10. Na kabla ya kupima zima kwanza kutuma mtandaoni, la sivyo utawatangazia watu mvua ya milimita 10 na jua linawaka.

Mahali pa kukiweka: mbali na mabati, bati la saa nane linakupa joto la uongo. Mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wake, kwenye shamba la kahawa na migomba hiyo ni ngumu, sisi tulikata migomba mitatu na mama alikubali kwa shingo upande. Na kila mwezi mtu apande afungue faneli. Buibui wanapenda sana mle ndani, na vumbi la barabara ya murram likichanganyika na umande linakuwa tope linaziba tundu. Mpwa wangu ana miaka 13 ndiye fundi wetu sasa.

dogo_wa_Mukono:
Samahani wakubwa, ila si kuna UNMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda? Kwa nini mtu ajisumbue mwenyewe?

mwana_wa_Wanale:
Mdogo wangu sijibu kwa ubaya. Mamlaka ya hali ya hewa wanafanya kazi yao na utabiri wao wa msimu mimi nausoma kila mwaka, na kuna TAHMO pia ambao wanafunga vituo mashuleni Afrika nzima, ndoto yao ni vituo 20,000 kusini mwa Sahara, yaani kimoja kila kilomita 30 hivi. Vile vyao navyo havina kompyuta, ni sola na laini ya simu. Ila mlimani kilomita 30 ni dunia nyingine. Mara ngapi nimesimama Mbale mjini jua kali na kule Wanale kumekuwa kweusi tii. Namba ya mjini haimwambii mjomba chochote kuhusu maji yanayomjia kutoka juu.

Na niseme wazi, hiki sio king'ora cha mafuriko. Mtandao ukikatika sioni kitu, na GW1100 haihifadhi historia ndani yake, ile dakika isipofika imepotea (kuna modeli mpya zaidi, GW3000, yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ningeanza leo ningechukua hiyo). Jumla ya mvua ya siku inaendelea kuhesabiwa hata intaneti isipokuwepo, ikirudi unaiona jumla. Kwa hiyo tumekubaliana na mjomba, nikiona kasi kubwa nampigia, na grafu ikinyamaza ghafla wakati wa mvua nampigia pia.

Kahawa256:
Imeshawahi kukusaidia kweli?

mwana_wa_Wanale:
Mwezi wa kumi mwaka jana. Niko kazini Jinja saa tisa mchana, jua kali, nikafungua simu nikaona milimita 41 tangu saa nane na bado inapanda. Nikampigia mjomba, kwake hakuna hata tone, alikuwa anapaka rangi mlango. Akaacha, akapandisha magunia ya mahindi juu ya meza, akawapeleka watoto kwa jirani wa juu. Maji yalifika uani kwake saa kumi na moja kasoro. Banange, yaliishia kwenye kizingiti, hayakuingia ndani. Lakini yale mahindi yangekuwa sakafuni muda ule nisingekaa na amani.

Na kahawa, mama sasa ndiye anayetumia zaidi yangu. Anaanika kwenye vitanda vya waya, anaangalia unyevu kwenye simu ya mpwa wangu, ukianza kupanda haraka mchana anafunika mapema.

dada_wa_Kabale:
Nimepata wa kubadilishana kasanduku, kinakuja na basi Jumamosi. Ramani je, watu wote wataona nyumba yangu ilipo?

mwana_wa_Wanale:
Kwenye Weather Underground ndiyo, kituo kinaonekana kwenye ramani ya wote. Weka alama kwenye njia panda ya karibu badala ya juu ya nyumba, mita mia haziharibu kitu, ila mwinuko uandike wa kweli. Ecowitt unaweza kuacha iwe ya kwako tu na uwagawie ndugu linki.

Jumamosi ukifungua boksi weka kwanza betri za kipimo cha nje ukiwa umekikalisha mita mbili tatu kutoka kwa kasanduku, subiri namba zitokee, ndipo ukipandishe mlingotini. Na kile kishale cha kaskazini kielekezwe kaskazini kweli, tumia dira ya simu ukiwa mbali na mabati. Ukikwama piga picha ya ukurasa uweke hapa.

dada_wa_Kabale:
Sawa kaka. Nitaleta picha Jumamosi jioni.